Mdomoni Anajua, Daftarini Hajui: Namna ya Kumtambua Mwanafunzi Mwenye Ugumu Mahususi wa Kujifunza

Karibu kila Darasa la Tatu lina mtoto wa namna hii. Ukimuuliza kwa mdomo kwa nini mahindi hunyauka mvua ikikatika, anakueleza mpaka wenzake wanageuka kumtazama. Mpe kitabu asome mistari miwili inayosema jambo hilohilo, anakwama kwenye neno la kwanza, anarudia silabi, anakisia, kisha ananyamaza. Mwalimu anajua kwamba mtoto huyu ana akili, ila akisahihisha daftari lake haioni akili hiyo popote. Basi hutafutwa jina la haraka: mvivu, mzito, kilaza. Jina likishamshika, mtoto mwenyewe huanza kuliamini.

Baadhi ya watoto hawa wana ugumu mahususi wa kujifunza. Makala haya yanawalenga walimu wa shule za msingi na wazazi, na hoja yake ni moja: kumtambua mtoto huyu huanzia kwenye daftari lake, mikononi mwa mwalimu anayekaa naye kila siku. Mtaalamu anahitajika, lakini akija bila kumbukumbu za mwalimu hana pa kuanzia. Na akichelewa kuja, msaada hauna sababu ya kumsubiri.

Ugumu huu ni upi?

Ni hali inayotokana na namna ubongo unavyoshughulikia sauti, herufi au idadi. Mtoto ana akili ya kawaida, pengine kuwapita wenzake. Anaona, anasikia, amefundishwa kama wengine, ila stadi moja au mbili zinagoma. Ugumu wa kusoma na tahajia huitwa disleksia, wa kuandika huitwa disgrafia, na wa hesabu huitwa diskalkulia. Mtoto mmoja anaweza kuwa na zaidi ya mmoja. Mara nyingi hali hii hutembea katika ukoo, ndiyo maana ukiuliza utasikia kwamba baba, shangazi au kaka naye alihangaika na vitabu. Haitokani na uvivu, laana wala malezi mabaya. Haina dawa ya kumeza, lakini mtoto akifundishwa kwa njia inayomfaa, hujifunza.

Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi hiyo habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu lakini hakuweza kusoma, ingawa alikuwa amefundishwa kwa miaka mingi. Mwalimu wa kijana huyo aliona kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, angewashinda wenzake wote shuleni. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuitafuta hata leo: pengo kubwa kati ya kile mtoto anachokijua akizungumza na kile kinachotoka kwenye karatasi.

Idadi yao si ndogo. Mwongozo wa DSM-5 wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, uliotolewa mwaka 2013, unakadiria kuwa asilimia 5 hadi 15 ya watoto wa shule, katika lugha na tamaduni mbalimbali, wana ugumu huu katika kusoma, kuandika au hesabu. Kwa darasa la watoto 80, hao ni kati ya 4 na 12. Mwalimu anayesema hajawahi kumpata hata mmoja, yamkini amewafundisha wengi bila kuwajua.

Kiswahili kinavyoweza kuuficha

Wapo walimu wanaoamini kwamba disleksia ni shida ya wanaosoma Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Ni kweli kwamba tahajia yetu ni rafiki kwa msomaji. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Science uliwalinganisha watu wenye disleksia wanaosoma Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Wataliano, ambao lugha yao nayo huandikwa karibu kama inavyotamkwa, walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wengine, ila picha za ubongo zilionyesha upungufu uleule kwa wote. Na katika Kiswahili chenyewe, watafiti Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 uchambuzi wa makosa ya tahajia ya watoto, wakaonyesha kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya kawaida namna hii nako ni kazi.

Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili mwenye disleksia hafanani sana na yule anayeelezwa katika vitabu vya Kiingereza. Mtafute katika sehemu tatu.

Ya kwanza ni kasi. Mtoto anaweza kulitaja kila neno kwa usahihi, lakini polepole mno, silabi moja moja, hata anapofika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Mwalimu husema "huyu anasoma" kwa sababu hakosei. Ukimuuliza amesoma nini, hana jibu.

Ya pili ni urefu wa maneno yetu. Neno kama "hawakutuletea" lina silabi saba, na ndani yake mna sentensi nzima. Mtoto mwenye ugumu hushika mwanzo wa neno na kukisia yanayofuata, au hushika shina na kubadilisha viambishi. Palipoandikwa "atakuja" anasoma "alikuja"; palipoandikwa "anapigwa" anasoma "anapika". Kosa linaonekana dogo, kumbe maana yote imegeuka.

Ya tatu ni konsonanti zilizoungana. Tazama mfano huu. Mwalimu anasoma imla: "Mbuzi wa bibi amekula mahindi shambani." Mtoto wa Darasa la Tatu anaandika: "Buzi wa bibi amekula mahidi shabani." Daftari likirudi lina alama tatu nyekundu za kosa na maneno "ongeza bidii". Lakini hebu yaangalie makosa hayo matatu. Irabu zote ziko sawa. Silabi nyepesi zote ziko sawa. Kilichopotea kila mara ni kitu kimoja: sauti ya puani inayotangulia konsonanti, yaani m katika mb na n katika nd. Mtoto huyu hakosi ovyo. Ametuonyesha mahali hasa anapokwama, naye mwalimu anaweza kuanza kazi hapo kesho asubuhi.

Kosa hilo peke yake halithibitishi ulemavu. Watoto wengi wa Darasa la Kwanza hulifanya. Linaanza kuwa dalili linapobaki palepale mwaka wa tatu au wa nne, baada ya mtoto kufundishwa, huku wenzake wakiwa wamelipita zamani. Ni vivyo hivyo kwa mtoto anayegeuza b na d: katika miaka ya kwanza ya shule ni jambo la kawaida, lakini akiwa na miaka tisa au kumi, mfuatilie.

Kwanza ondoa sababu nyingine

Kabla ya kutaja ugumu mahususi, mwalimu ana wajibu wa kuuliza maswali mengine, tena kwa maandishi.

Je, anaona? Mwite mbele, mwambie asome ubaoni akiwa karibu, kisha akiwa dawatini kwake. Akisoma vizuri karibu na kukwama mbali, apelekwe akapimwe macho kabla ya jambo lolote jingine. Angalia pia kama anakunja uso, anafuta macho kila mara, au analeta kitabu puani.

Je, anasikia? Simama nyuma yake ili asikuone midomo, nong'ona maneno mepesi kama "meza", "samaki", "chungwa", naye ayarudie. Mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara huenda amepoteza sauti nyingi katika miaka ileile ambayo wenzake walikuwa wakijifunza silabi.

Je, amekuwapo darasani? Fungua rejesta. Mtoto aliyekosa wiki kadhaa kila muhula kwa sababu ya kuchunga, mavuno au kuuguza mdogo wake ana pengo la kufundishwa. Kumwita mwenye ulemavu ni kumwonea.

Je, Kiswahili ni lugha yake? Mtoto anayezungumza lugha nyingine nyumbani anaweza kuandika anavyotamka. Mkoani Mara mtoto anaweza kuandika "kura" akikusudia "kula", na sehemu nyingi za bara watoto huandika "selasini" kwa "thelathini" na "zambi" kwa "dhambi". Kipimo ni rahisi: mwambie atamke neno hilo. Akilitamka kama alivyoliandika, na jirani zake dawatini wakifanya hivyohivyo, hiyo ni athari ya lafudhi. Anayetamka "mbuzi" vizuri kabisa na kuandika "buzi" ana jambo jingine.

Je, ameshiba, na ni mzima? Njaa, upungufu wa damu, minyoo na malaria ya mara kwa mara humwondolea mtoto umakini. Aliyewahi kuugua malaria kali iliyopanda kichwani, au anayepata kifafa, anahitaji kuonwa na daktari.

Je, kuna msiba, ugomvi au ukatili nyumbani? Mtoto aliyekuwa akisoma vizuri kisha akaporomoka ghafla hana disleksia. Disleksia haianzi Darasa la Tano. Huwapo tangu mwanzo, hata kama hakuna aliyeiona.

Swali la mwisho ni la kwetu walimu. Kama nusu ya darasa haisomi, tatizo ni la ufundishaji au la msongamano, na dawa yake ni kulifundisha darasa upya. Ugumu mahususi hujulikana kwa kulinganisha: mtoto mmoja amebaki nyuma pale ambapo wenzake, kwa mwalimu yuleyule na ubao uleule, wamevuka.

Vipimo ambavyo mwalimu anaweza kuvifanya mwenyewe

Vipimo hivi havihitaji fedha. Vinahitaji karatasi, simu yenye saa, na mahali tulivu nje ya macho ya darasa. Mfanyie mtoto unayemshuku, kisha wafanyie wenzake watatu wa wastani ili upate pa kulinganishia.

Kusikiliza na kusoma. Msomee mtoto kisa kifupi, umuulize maswali manne. Kisha mpe kisa kingine cha kiwango hichohicho akisome mwenyewe, umuulize manne mengine. Akijibu yote ya kusikiliza na kukosa ya kusoma, umeliona pengo kwa macho yako. Akikosa yote mawili, rudi kwenye lugha, masikio, au ugumu mpana zaidi wa akili.

Dakika moja. Chagua kifungu ambacho darasa halijawahi kukisoma. Mwache asome kwa dakika moja, weka alama alipofika, hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Usitumie viwango vya Kiingereza, kwa kuwa maneno yao ni mafupi na yetu ni marefu. Kipimo chako ni wale wenzake watatu.

Maneno ya kubuni. Watoto wetu ni hodari wa kukariri. Yuko anayekisoma kitabu cha darasa chote kwa kichwa, picha zikimwongoza, bila kuijua silabi hata moja. Mwandikie maneno yasiyo na maana: nupa, lefi, zaluti, mbodi, kwite, shanzo. Hapa hakuna cha kukariri, hivyo kitakachotoka ni uwezo wake halisi wa kuunganisha herufi na sauti.

Mchezo wa sauti. Mwulize kwa mdomo tu: "Mwanafunzi" ina silabi ngapi? Ukiondoa "ka" kwenye "kalamu", kinabaki nini? Kati ya mama, meza na taa, lipi halianzi kama mengine? Watoto wa Pwani wana mchezo wa kale wa kinyume, ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa: "chakula" inakuwa "lachaku". Edward Steere aliuandika mchezo huo katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja, mwaka 1870. Mtoto mwenye disleksia mara nyingi hutatizika katika michezo ya namna hii hata pale ambapo hakuna herufi mbele yake, kwa sababu shida yake imeanzia kwenye sauti.

Kutaja haraka. Chora picha tano anazozijua: kuku, jembe, kikombe, mti, samaki. Zirudierudie kwa mchanganyiko mpaka zifike mistari sita, kisha azitaje zote mfululizo huku ukimpima kwa saa. Anayechukua muda mrefu mno kuliko wenzake, ingawa anavijua vitu vyote, anaonyesha dalili inayoandamana sana na usomaji wa polepole.

Andika kila kitu: tarehe, kazi, muda, makosa kama yalivyo. Usiandike "hajui kusoma". Andika "amesoma maneno 11 kwa dakika, ameacha m na n katika maneno yote matano yenye mb au nd". Sentensi ya kwanza inamfungia mlango mtoto, ya pili inaonyesha pa kuanzia kumfundisha.

Hesabu na mwandiko

Kwa diskalkulia, anza na vizibo vya soda. Mwaga vizibo vinne mezani, muulize ni vingapi. Mtoto wa Darasa la Tatu hahitaji kuhesabu vinne, anaviona. Anayelazimika kugusa kimoja kimoja, kila mara, anastahili kufuatiliwa. Muulize kipi kikubwa, 7 au 9. Mwambie aandike "mia moja na tano": wanaoanza huandika 1005, ila kosa hilo halitakiwi kuwapo Darasa la Nne. Tazama kama bado anahesabu 3 + 4 kwa vidole, kuanzia moja, kila siku kama vile hajawahi kukutana nayo.

Hapa pana mtego. Mtoto huyohuyo anayepata sufuri katika hesabu za daftarini anaweza kuwa ndiye anayeuza mandazi ya mama yake kila jioni. Mwulize: mandazi matatu ya shilingi mia mbili mbili, nimekupa elfu moja, unanirudishia ngapi? Akijibu "mia nne" papo hapo, basi idadi anazielewa vizuri. Shida iko kwenye kusoma swali, kwenye alama za hesabu, au kwenye kupanga mamoja, makumi na mamia wima. Msaada wake ni tofauti kabisa na wa yule ambaye hata chenji inamshinda.

Kwa mwandiko, linganisha mambo matatu: akinakili ubaoni, akiandika imla, na akisimulia kwa mdomo. Mwenye disgrafia anaweza kusimulia safari ya kwa babu kwa sentensi kumi nzuri, akaandika mbili tu zisizosomeka. Hubana penseli mpaka vidole vinamuuma, herufi zinapanda na kushuka juu ya mstari, maneno yanagusana au kuachana ovyo. Unaponakilisha ubaoni, mwangalie shingo: wenzake wananyanyua kichwa mara moja kwa kila maneno matatu, yeye kwa kila herufi. Kengele inapogonga, hajamaliza. Kumnyima mapumziko kwa sababu hiyo ni kumwadhibu kwa mkono aliozaliwa nao.

Wiki nane za msaada, kisha hukumu

Vipimo vya siku moja havitoshi. Mtoto anaweza kuwa ameamka na homa, au amekuogopa. Kinachotenganisha ugumu mahususi na pengo la kufundishwa ni namna mtoto anavyoitikia msaada.

Wakusanye wanne au watano wenye shida inayofanana. Wape dakika 20, siku nne kwa wiki, kwa wiki nane. Kila wiki chukua kundi moja la sauti: silabi nyepesi, kisha mb na nd, kisha nj na ng, kisha ng' na ny, kisha kw, mw na bw. Wasikie sauti kwanza, wapige makofi kwa silabi, waziandike kwa kidole kwenye mchanga huku wakizitamka, wazipange kwa vizibo vilivyoandikwa herufi, ndipo waende daftarini. Usisonge mbele mpaka ya jana imekaa. Kila Ijumaa toa imla ya maneno kumi na uihifadhi.

Baada ya wiki nane, zipange imla hizo nane mezani. Anayepanda haraka alikuwa amekosa kufundishwa; amshukuru Mungu na arudi na wenzake. Anayepanda taratibu aendelee na kundi muhula mwingine. Aliyebaki karibu palepale, ingawa hakukosa kipindi na macho na masikio yake ni mazima, ndiye wa kupelekwa mbele. DSM-5 nayo inataka ugumu uwe umedumu kwa angalau miezi sita licha ya msaada. Kwa hiyo usiogope kutumia muhula mzima, mradi uwe muhula wa kufundisha, na mtoto asiachwe tu dawati la nyuma akisubiri.

Tukiwa hapo, tuseme wazi kuhusu viboko. Kanuni za Tanzania zimeweka mipaka ya nani achape na kwa kiasi gani, lakini hata kiboko kilicho ndani ya kanuni hakimfundishi mtoto kuisikia m iliyo ndani ya "mbuzi". Kinamfundisha kuficha daftari. Wala kumrudisha darasa peke yake hakusaidii: kile kilichomshinda kikifundishwa tena kwa njia ileile, kitamshinda tena.

Kuzungumza na mzazi

Usimwambie mzazi habari hizi getini, mbele ya watu, wala kwa ujumbe wa simu. Mwite, mpe kiti, anza na kile mtoto anachokiweza. Mara nyingi anayekuja ni bibi, naye anakuja akitarajia mashtaka. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Kafanya nini tena?"

"Hajakosa kitu, bibi. Nimekuita tusaidiane. Huyu mjukuu wako ana kichwa kizuri; hadithi niliyowasomea jana ameisimulia yote. Kinachomtesa ni maandishi. Nimekuwa nikimfuatilia tangu mwezi wa pili, na kazi zake ni hizi hapa."

"Mwalimu, baba yake alikuwa hivihivi. Alichapwa mpaka akaikimbia shule."

Jibu hilo la bibi ni taarifa muhimu, liandike. Uliza pia: alichelewa kusema? Alikuwa akichanganya silabi za maneno marefu? Amewahi kuumwa sana masikio au kupata degedege? Nyumbani anaweza nini: kutengeneza baiskeli, kuimba, kuhesabu mifugo?

Usitumie neno "ulemavu" kama hukumu kabla ya tathmini. Sema unachokiona na mtakachokifanya. Mzazi naye ana kazi yake: kumsomea mtoto hadithi hata kama mtoto mwenyewe hajui kusoma, kumpa dakika chache za silabi kila jioni badala ya saa nzima ya machozi, na kuwakataza ndugu zake kumcheka. Asitumie fedha kwa mganga kwa ajili ya jambo hili. Asiharakishe pia kumhamishia shule ya mchepuo wa Kiingereza akidhani mazingira mapya yatamfungua. Tahajia ya Kiingereza ni ngumu kuliko ya Kiswahili, na aliyeshindwa kushika silabi zetu ataelemewa zaidi na herufi moja yenye sauti nyingi.

Pa kumpeleka, na cha kubadilisha darasani

Jalada la mtoto lipite kwa mwalimu mkuu, lifike kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, ambaye ndiye anayeweza kuunganisha shule na wataalamu wa upimaji. Walimu wa elimu maalumu waliosomea Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, wapo katika shule nyingi zenye vitengo vya elimu hiyo. Kama shule yako haina kitengo, ulizia shule ya jirani. Kwa wasomaji wa Kenya, vituo vya upimaji vya EARC vimekuwapo tangu mwaka 1984, na taasisi ya elimu maalumu ya KISE tangu 1986. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ya Tanzania inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake, kwa hiyo kumwombea msaada si fadhila.

Wakati majibu yanasubiriwa, yapo mambo ambayo hayahitaji kibali cha mtu. Mkalishe mbele. Usimlazimishe kusoma kwa sauti mbele ya darasa bila kumpa kifungu jana yake. Msomee maswali ya jaribio. Mwongeze muda. Katika Sayansi, mpe alama za sayansi, na makosa ya tahajia yashughulikie kwenye Kiswahili. Mruhusu ajibu mengine kwa mdomo. Kwa mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani lina utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na taarifa zao huanzia shuleni. Mwalimu mkuu aulizie mapema, kabla ya usajili kufungwa. Jalada lenye kumbukumbu za miaka miwili lina nguvu kuliko barua iliyoandikwa wiki ya mwisho.

Neno kwa walimu wa sekondari. Wapo watoto waliouzoea ugumu wao katika Kiswahili, wakafaulu la saba kwa juhudi na kumbukumbu nzuri. Wanafika Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza, na wanaanguka ghafla. Wengi huambiwa Kiingereza ndicho kinachowashinda. Kwa baadhi ni kweli. Lakini ukimwona kijana anayeelewa Baiolojia ikielezwa kwa mdomo, akaandika neno moja kwa tahajia tatu katika ukurasa mmoja, na akasoma hata Kiswahili polepole, usiishie kwenye lugha. Ulizia daftari zake za msingi.

Mwalimu mwenye darasa la watoto 90 atasema hana muda wa haya yote. Ni kweli kwamba mzigo ni mkubwa, na serikali inapaswa kuupunguza kwa walimu na vyumba vya kutosha. Lakini hakuna anayedai uwapime 90. Chagua watano ambao midomo yao inajua kuliko daftari zao. Fungua karatasi moja kwa kila mmoja, weka tarehe, na uandike kosa kama lilivyo. Anza wiki hii, kwa sababu kila muhula unaopita bila mtu kuandika chochote, mtoto mwenye akili timamu anazidi kuamini kwamba hana akili, na imani hiyo ni ngumu kuiondoa kuliko ugumu wenyewe wa kusoma.